Ukuadi na Ridhaa: Soko Huria na Demokrasia katika Riwaya Mbili za Kiswahili

Kitabu cha Chachage Seithy Chachage kiitwacho Makuadi wa Soko Huria, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2002, ni chepesi kusomwa kama shutuma. Msomaji mmoja atakiona kuwa ni kilio cha mtu aliyechukizwa na nchi kuuzwa; mwingine atakiona kuwa ni mhadhara mrefu uliovishwa nguo za hadithi. Rai zote mbili zina ukweli ndani yake, walakini zote mbili hupita mlangoni pa kitabu bila ya kubisha hodi, kwa kuwa hazisimami kulitazama neno la kwanza la jina lake. Kuadi ni nani? Si mwizi, maana mwizi huchukua kwa siri akaenda zake. Si mfanyabiashara, maana mfanyabiashara huuza kilicho chake. Kuadi ni mtu wa kati: humwuza mwenziwe kwa mgeni, naye akapata ujira kwa kazi ya kuwakutanisha. Aibu yake haiko katika fedha aliyoipokea tu. Iko zaidi katika ridhaa ambayo ama hakuiuliza, ama aliipata kwa hila.

Ridhaa ndiyo kiungo baina ya soko na demokrasia. Biashara isiyo na ridhaa ni unyang'anyi, na serikali isiyo na ridhaa ni udhalimu. Madhali mambo haya mawili yana mzizi mmoja, si ajabu kwamba watu hulipima moja kwa kipimo cha jingine, na mtu aliyepunjwa sokoni hurudi nyumbani akiitilia shaka hata kura yake. Makala haya yaangalia jinsi riwaya mbili, hiyo ya Chachage na Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1975, zilivyolieleza jambo hilo katika Tanzania. Na kama zilimsaidia msomaji wake kulielewa, au zilimwachia hasira tupu.

Nchini Tanzania soko huria na vyama vingi viliingia kwa mlango mmoja, na karibu kwa wakati mmoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyaweka mabenki, viwanda vikubwa na sehemu kubwa ya biashara ya nje katika mikono ya umma. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya dhiki: bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula hazina, na sabuni na sukari zikawa vitu vya kupangiwa foleni. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya shilingi ikateremshwa, milango ya biashara ikafunguliwa, na Rais mwenyewe akapewa na watu jina la Mzee Ruksa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likawalegezea viongozi miiko ya Arusha iliyowakataza hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi, na mwaka 1995 ukafanywa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya sheria hiyo.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1980, alipofikia uchaguzi mkuu wake wa kwanza mwaka 2000, alikuwa ameyaona yote hayo kama jambo moja. Nguo za mitumba, michango ya shule na hospitali, viwanda vya umma vilivyofungwa au kuuzwa, bendera za vyama zenye rangi nyingi, magazeti mapya mezani kwa muuzaji: hakuna aliyemwambia kuwa haya ni mambo mawili yaliyokutana njiani. Aliambiwa kuwa ni mageuzi, na neno mageuzi likatosha kwa yote.

Lugha iliuhifadhi mchanganyiko huo. Neno huria lina asili moja na uhuru, nalo likapewa soko. Ruksa, neno la kumfungulia mtu njia, likapewa biashara. Utandawazi likaundwa kwa kutanda na kuwa wazi, kana kwamba dunia ni jamvi lililokunjuliwa ili kila mtu aketi. Upande wa siasa haukubahatika hivyo. Demokrasia ilibaki neno la kuazima, na vyama vingi ni neno la hesabu: lataja idadi, halitaji thamani. Kwa hiyo maneno yenye ladha ya uhuru yalikwenda sokoni, na siasa ikaachiwa jina geni pamoja na hesabu. Watu nao hawakunyamaza. Ndani ya ubinafsishaji walisikia ubinafsi, tusi kubwa la siku za Ujamaa. Na kwa kubadili irabu moja waliugeuza utandawazi kuwa utandawizi. Mzaha huo ni hukumu kamili, lakini hauna mshitakiwa. Hausemi ni nani aliyefungua mlango, wala nani alipaswa kuulizwa kabla haujafunguliwa. Hapo ndipo neno la Chachage linapouzidi mzaha wa barazani, kwa maana ukuadi una watu watatu ndani yake: mnunuzi, mtu wa kati, na yule anayeuzwa.

Yafaa rai ya watu wenyewe ikumbukwe kabla riwaya hazijapewa nafasi yake. Mwaka 1991 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kama chama kimoja kiendelee au vyama vingi viruhusiwe. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni yao. Asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kibaki, na asilimia 21 hivi walitaka vyama vingi. Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na ikaonyesha pia sheria 40 zilizozibana haki za raia. Ile asilimia 77 ni rahisi kuichukua kuwa ushahidi kwamba Watanzania hawakuitaka demokrasia. Usomaji wa namna hiyo ni wa haraka mno. Wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe; yaani walitaka kusikilizwa, hata kama hawakutaka mashindano. La pili ni zito zaidi. Juu ya vyama watu waliulizwa, na jibu la walio wengi halikufuatwa. Juu ya soko hapakuwa na tume kama hiyo: mwaka 1986 hakuna aliyekwenda kijiji kwa kijiji kumwuliza mkulima wa pamba au fundi wa kiwanda cha nguo kama anaridhia. Uhuru wa soko na uhuru wa siasa, vyote viwili, vilimfikia mwananchi kama taarifa.

Kezilahabi alikuwa ameiona tabia hiyo mapema, wakati ambapo soko huria lilikuwa bado neno la lawama. Tumaini, mtu mkuu wa Dunia Uwanja wa Fujo, ni kijana aliyeponda mali ya urithi kwa anasa, kisha akajirudi akawa mkulima tajiri mwenye vibarua. Siasa ya Ujamaa inapoingia, shamba lake linatwaliwa. Naye anamwua Mkuu wa Wilaya, na mwisho wake ni kitanzi. Riwaya hiyo mara nyingi imejadiliwa kama kitabu juu ya maisha yasiyo na maana, na kweli jina lake lakaribisha fikira hiyo. Lakini ndani yake mna jambo jingine lisilohitaji falsafa ngumu. Mtungaji hakumfanya Tumaini kuwa mtakatifu. Utajiri wake umejengwa kwa jasho la wengine, na serikali inayolitwaa shamba ina hoja nzuri: usawa. Kinachokosekana ni mazungumzo. Baina ya hoja nzuri na shamba la mtu hapana kikao, hapana baraza, hapana hakimu wa kumwendea. Amri inashuka, na mtu asiye na mahali pa kusema hutumia alichonacho mkononi.

Kezilahabi basi aliandika juu ya dola inayomnyang'anya tajiri kwa jina la maskini. Chachage, miaka 27 baadaye, aliandika juu ya dola inayomnyang'anya maskini kwa faida ya tajiri, tena tajiri mgeni. Mwelekeo umegeuka, namna haikugeuka. Katika vitabu vyote viwili habari humfikia mwenye mali uamuzi ukiwa umekwisha kukatwa. Mhakiki anayezisoma riwaya hizi kila moja peke yake ataiona ya kwanza kuwa shutuma ya Ujamaa, na ya pili kuwa shutuma ya ubepari. Zikisomwa pamoja, zote zawa ushahidi wa kesi moja.

Chachage alikuwa mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2006, na kitabu chake kimejengwa juu ya jambo lililotokea kweli. Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika katika vijito vingi, na hapo pana msitu wa mikoko ambao ni mmoja wa misitu mikubwa ya aina hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Wenyeji hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na hukata boriti. Katika miaka ya 1990 ulitolewa mpango wa kufuga kamba kwa wingi katika delta hiyo, juu ya maelfu ya hekta, ili wauzwe ng'ambo. Baraza la serikali lenyewe lililohusika na hifadhi ya mazingira lilishauri mpango ukataliwe; serikali hata hivyo iliukubali mwaka 1997. Wanavijiji, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Ufugaji ule haukufanyika.

Kutokana na kisa hicho Chachage alitunga riwaya ya waandishi wa habari wanaopeleleza, wasomi wanaokodisha elimu yao, wanasiasa wenye lugha tamu, na vijiji vinavyosikia habari zao wenyewe kwa kuchelewa. Mara kwa mara hadithi husimama, historia ikaingia: biashara ya utumwa, ukoloni, Vita vya Maji Maji. Kwa ajili ya hayo kitabu kimestahili kulaumiwa, maana kuna kurasa ambazo wahusika hugeuka vipaza sauti, na mazungumzo yao yawa masomo yaliyogawanywa kwa zamu. Mhadhiri humpokonya mtungaji kalamu, na msomaji aliyetaka kujua kitakachompata mtu fulani hulazimika kungoja karne ipite.

Lakini ila hiyo imefungamana na sifa kubwa ya kitabu. Kwa kuirudisha historia, Chachage anaonyesha kuwa utandawazi si mgeni wa jana. Boriti za mikoko ya pwani hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na nyumba za huko ziliezekwa kwa miti ya huku. Watu wa delta hawakuwa watu wa kichakani walioshituliwa na dunia. Dunia ilikuwa bandarini mwao tangu zamani. Kwa hiyo upinzani wao hauwezi kuelezwa kuwa ni hofu ya wajinga mbele ya maendeleo. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na nyingine yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zote mbili humkaribisha mgeni, na zote mbili humwacha mwenyeji awe ndiye mwenye kauli: ndiye anayepona, na ndiye anayetoa jembe. Mgeni wa soko huria alikuja na jembe lake, na shamba alikwisha kuonyeshwa na mtu mwingine. Hilo ndilo lililobadilika, na riwaya imelishika barabara.

Yako mambo mawili ambayo riwaya haikuyashika kwa nguvu hiyo hiyo, na hapo ndipo suala la demokrasia linapoumana. La kwanza ni kuwa waandishi wa habari wa Chachage ni watoto wa kufunguliwa kule kule anakokushutumu. Magazeti ya watu binafsi yalichipua mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea katika miaka ya 1990; televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, nayo ilianzishwa na watu binafsi. Jicho linaloufichua ukuadi lilifumbuliwa na soko. Mtungaji mwenye kipaji cha kejeli kama Chachage angaliweza kuvuna mengi katika mgongano huo: gazeti linalofichua mkataba ukurasa wa kwanza, na kupokea tangazo la mwenye mkataba ukurasa wa nane. Ameugusa, kisha akaupita. Matokeo yake, soko katika kitabu hiki lina uso mmoja, ilhali kwa raia wa kweli lilikuwa na nyuso mbili, na ndiyo maana alisitasita juu yake.

La pili ni zito zaidi. Nguvu ya neno kuadi ni hasira, na hasira hutafuta mtu wa kuadhibu. Msomaji anayefunga kitabu akiwa ameshawishika kuwa nchi imeuzwa na makuadi anaweza kupita njia mbili. Anaweza kusema: basi tuulizwe kabla ya kuuzwa chochote. Au anaweza kusema: basi na aje mlinzi mkali awafukuze makuadi. Kauli ya kwanza ni ya demokrasia. Ya pili yaweza kuwa mwisho wake. Riwaya imeiacha milango yote miwili wazi, na historia iliyofuata ilionyesha kuwa kuiacha hivyo kuna gharama.

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2005, asilimia 72 hivi ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 43 hivi. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya mikataba ya madini na ya umeme iliyozungumzwa kila mahali kwa minong'ono, kwa kuwa haikuonekana hadharani. Wananchi walisema wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia mara tatu haachi kutaka mbuzi. Huacha kwenda mnadani. Kisha, baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, alikuja kiongozi aliyekata shauri kulifungua gunia mbele ya watu. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alizuia makinikia ya dhahabu yasisafirishwe, neno makinikia likajulikana hata kwa wachuuzi wa mboga, na mabeberu, neno lililokuwa limepumzika, likarudi kazini. Wengi walishangilia, na hawakushangilia bure: dhuluma waliyoihisi kwa miaka mingi ilikuwa imetajwa kwa sauti. Lakini tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, na haikuruhusiwa tena mpaka Januari 2023. Aliyeuliza habari ya mikutano wakati wa vita ya uchumi aliweza kuitwa kibaraka. Hivyo mlango wa pili wa Chachage ulipitwa, tena na watu waliokuwa na haki ya kukasirika.

Wako wafundishao kuwa biashara ikifunguka, demokrasia hufuata nyuma yake kama mkia. Na wako wafundishao kinyume, kuwa soko la dunia huila demokrasia ya nchi maskini. Riwaya hizi mbili, zikisomwa kwa makini, hazikubaliani na yeyote kati yao. Shamba la Tumaini lilitwaliwa soko likiwa limefungwa, na delta ya Rufiji ilitaka kutwaliwa soko likiwa limefunguliwa. Kilichoikomaza au kuidhoofisha imani ya mwananchi hakikuwa wingi wa bidhaa wala uchache wake, bali ni kama palikuwapo mahali ambapo neno lake liliweza kuzuia jambo. Kwa wanavijiji wa Rufiji mahali hapo palikuwa mahakama. Tumaini hakuwa napo. Inasikitisha kwamba jambo hilo, ambalo katika kisa cha kweli ndilo lenye tumaini zaidi, limefunikwa katika riwaya na kishindo cha shutuma. Laiti mtungaji angaliketi zaidi na mwanakijiji anayekwenda kwa wakili, na kidogo zaidi na mwanasiasa anayepokea bahasha, kitabu chake kingalimwachia msomaji kazi ya kufanya badala ya adui wa kulaani.

Mojawapo ya sheria zilizopitishwa mwaka 2017 yatamka kuwa utajiri wa asili wa nchi ni mali ya wananchi, na kwamba Rais ameushika kwa niaba yao kama mdhamini. Tamko hilo ni jema, na msomaji wa Chachage atalipokea kwa furaha, kisha atauliza swali ambalo kitabu kimemfundisha kuliuliza. Kuadi naye hushika cha mwenziwe. Mdhamini naye hushika cha mwenziwe. Wote wawili husimama baina ya mwenye mali na mgeni, na wote wawili huweza kuvaa suti moja na kusema maneno yale yale juu ya maendeleo. Hawatofautiani kwa ukali, wala kwa upole, wala kwa mapenzi ya nchi wanayoyatangaza. Hutofautiana kwa kuwa mdhamini hurudi kwa mwenye mali kumwuliza, na akiambiwa hapana, huacha. Mahali ambapo hapana hiyo haiwezi kutamkwa hadharani, jina la mdhamini ni la heshima tu, na riwaya ya Chachage itaendelea kusomwa kama habari ya leo.